Kompyuta ya steshenari inajivuta: niweke programu gani?

*"Habari mtaalamu. Nina steshenari ndogo hapa Tabora mjini, maeneo ya Isevya. Natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 4, hard disk GB 500, Windows 10. Nikiiwasha inachukua karibu dakika kumi ndipo nianze kazi. Wateja wengi wanakuja na flashi. Nikichomeka, folda zote zinageuka shotikati, na flashi zangu nazo zimeshaambukizwa. Fundi aliniwekea antivairasi mbili na programu ya kusafisha kompyuta, lakini ndiyo kwanza imezidi. Bando ninalounga kwa hotspoti ya simu linakwisha kabla ya saa sita mchana. Halafu wateja wanaoomba kazi mtandaoni wanarudi kulalamika kwamba vyeti nilivyowaskania vimekataliwa, faili ni kubwa. Naomba unitajie programu nzuri za kuweka na mbinu za kurahisisha kazi. Au ninunue mashine nyingine?"*

Pole na usumbufu huo, na ahsante kwa kutaja vipimo vya mashine yako, maana vinajibu nusu ya swali. Umeuliza uweke programu gani. Nitakutajia, lakini mengi ya yanayokusumbua yametokana na vilivyokwisha wekwa, kwa hiyo kwanza tutoe. Na mashine nyingine usinunue bado.

Anza na antivairasi: ondoa zote mbili. Najua inatisha ukizingatia hizo flashi, ila Windows 10 ina kinga yake ya ndani, Microsoft Defender. Haina malipo, na hujizima yenyewe pale antivairasi nyingine inapowekwa. Antivairasi yoyote hujiingiza kati ya programu zako na diski: ukifungua faili la Word, inalisoma yenyewe kwanza ndipo inakuachia. Zikiwa mbili, faili moja linakaguliwa mara mbili, na kuna wakati hii inaishuku ile na kuanza kukagua mafaili ya mwenzake. Nenda Settings, kisha Apps, chagua moja, bonyeza Uninstall, zima na kuwasha mashine, ndipo uondoe ya pili. Usizitoe kwa mpigo. Ukimaliza fungua Windows Security na uhakikishe Defender imewaka. Ikigoma kuwaka, kuna mabaki ya antivairasi uliyoitoa. Kampuni nyingi za antivairasi huweka kwenye tovuti zao kifaa maalumu cha kung'oa mabaki hayo.

Programu ya kusafisha nayo iende. Hizi huahidi kusafisha rejista ya Windows, ambayo ni daftari la mipangilio. Maandishi ya ziada yanayobaki humo ni madogo mno kuchelewesha chochote, lakini likifutwa lisilotakiwa kufutwa, programu inaweza kugoma kufunguka. Zile zinazodai kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndizo mbaya zaidi: zinasukuma vilivyomo kwenye RAM kwenda kwenye diski ili namba isomeke vizuri, halafu ukigusa dirisha lolote, vyote vinarudishwa kutoka kwenye diski ileile iliyochoka. Tena mwaka 2017 wahalifu waliweza kuingiza programu yao mbaya ndani ya CCleaner toleo la 5.33, na ikawafikia watu zaidi ya milioni mbili waliodhani wanasafisha tu. Kazi yenyewe ya kusafisha ipo ndani ya Windows: Settings, System, Storage, kisha Temporary files. Angalia kitu kimoja tu hapo. Kwenye ile orodha kuna kisanduku cha Downloads. Kwa kawaida hakina tiki, na kiache hivyohivyo, la sivyo utafuta kazi za wateja ulizopakua juzi.

Sasa hizo dakika kumi. Hard disk ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea kutafuta data. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kitu. Kichwa kisogee, kisha kisubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Ukijumlisha, diski ya namna hiyo inaweza kusoma vipande vidogo kama mia moja hivi kwa sekunde. Windows inapowaka inataka maelfu na maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD, aina mpya ya diski, haina kitu kinachozunguka, na husoma makumi elfu kwa sekunde.

RAM ya GB 4 inaongeza uchungu. Ikijaa, na kwa Word pamoja na kivinjari chenye tabu tano itajaa, Windows inachukua sehemu ya diski na kuifanya RAM ya akiba. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, bofya More details, kisha fungua Performance. Ukiona Disk imekaa kwenye asilimia 100 na Memory iko juu ya 85, hicho ndicho kinachotokea. Ukiwa humohumo, nenda kichupo cha Startup uzime vinavyojiwasha bila sababu: programu za kupigia simu za video, za muziki, za kukumbusha masasisho. Vya sauti na vya Windows Security viache.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye SSD. Mashine ya mezani kama yako inatumia aina ya SATA ya inchi 2.5, na GB 240 zinatosha kabisa kwa Windows na programu; diski ya zamani inabaki humo ikitunza mafaili. Utahitaji pia kebo ya data ya SATA, ambayo mara nyingi haiji na SSD, kwa hiyo uliza dukani kabla hujaondoka. Pesa ya pili ni RAM, ifike GB 8. Kwenye ukurasa uleule wa Memory utaona "Slots used": ikiandikwa 1 of 2, unaongeza kijiti kimoja tu. Aina za RAM ziitwazo DDR3 na DDR4 haziingiliani, hata pengo la katikati ya kijiti haliko mahali pamoja. Programu ndogo iitwayo CPU-Z itakuonyesha unayo ipi, na picha ya skrini yake ndiyo ya kumwonyesha muuzaji.

Kabla ya yote hayo, weka CrystalDiskInfo, programu inayopima afya ya diski, uitazame diski yako. Ikiandika Good, endelea kwa utulivu. Ikiandika Caution kwa njano, acha kila kitu na ukopi kazi zako leo hii.

Tuje kwenye flashi, maana hapo ndipo watu wanapotea. Folda hazijageuka shotikati. Zipo, zimefichwa, na shotikati (alama za mkato za kufungulia kitu) zenye majina yaleyale zimewekwa mbele yake. Kirusi kinafanya hivyo kwa sababu tangu Windows 7 flashi haiwezi kujiendesha yenyewe ikichomekwa. Lazima mtu abofye kitu. Unapobofya "folda" ya CV, unakiendesha kirusi, nacho kinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Kuanzia hapo kinakaa nyuma ya pazia kikisubiri flashi inayofuata. Ndiyo maana ukisafisha flashi kwenye mashine iliyoambukizwa, inachafuka tena hata hujaichomoa. Kompyuta itangulie, flashi ifuate.

Kwenye kompyuta, chomoa flashi zote. Fungua Task Manager na uangalie kama wscript.exe, kiendesha skripti cha Windows ambacho virusi hivi hukitumia, inafanya kazi; ikiwapo, ibofye kisha End task. Halafu ingia Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Hifadhi kazi kwanza, kwa sababu mashine itajizima na kukagua kabla Windows haijawaka, wakati kirusi hakina pa kujificha. Ni kama robo saa; kwa diski yako, weka zaidi.

Kisha chomeka flashi, usibofye kitu ndani yake. Andika cmd kwenye Start, bonyeza Enter. Tuseme flashi ni E: andika E: na Enter, halafu attrib -h -r -s /s /d \*.\* na Enter. Amri hiyo inaondoa alama za kuficha kwenye kila faili na folda. Kisha del \*.lnk inafuta shotikati. Hakikisha mstari unaanza na E: na si C:, usije ukafuta shotikati zako halali. Fungua flashi: mara nyingi utakuta folda isiyo na jina kabisa, na vitu vyote vya mteja vimo humo. Vitoe nje. Mafaili yenye mwisho wa .vbs au .js ambayo mteja hayatambui, futa. Folda ya System Volume Information itajitokeza pia. Hiyo ni ya Windows, iache.

Ili usidanganyike tena, fungua File Explorer, nenda View, uweke tiki kwenye File name extensions na Hidden items. Kuanzia hapo, "Barua ya maombi" yenye mwisho wa .exe utaiona ilivyo. Na katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) akija na taarifa ya msimu wa tumbaku, mwombe aitume kwa barua pepe au WhatsApp badala ya flashi. Kwenye WhatsApp aitume kama Document, hata ikiwa ni picha ya cheti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na maandishi madogo yanavurugika.

Vyeti kukataliwa: hapa tatizo ni mpangilio wa skana. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Kwa dpi 150 ni robo ya hizo, na cheti kinasomeka vizuri. Weka programu iitwayo NAPS2, ya bure na inayofanya kazi bila intaneti. Tengeneza profaili moja ya "Vyeti": dpi 150, au 200 kama maandishi ni madogo sana, rangi ya kijivu. Skani kurasa zote mfululizo, zipange kwa kuziburuta, kisha Save PDF, na zinatoka faili moja. Usichague nyeusi na nyeupe tupu. Faili linakuwa dogo ajabu, lakini muhuri unageuka doa na picha ya mhusika inapotea. Mfumo ukitaka rangi, weka rangi na ubaki kwenye 150.

Mteja akiwa na PDF zake tayari, bonyeza Import humohumo na uziunganishe. Akiwa amepiga cheti kwa simu na kukibandika kwenye Word, bofya picha, nenda Picture Format, Compress Pictures, ondoa tiki ya kubana picha hiyo moja tu, chagua 150 ppi, ndipo utoe PDF. Hata hivyo kuskani upya hutoa matokeo mazuri kuliko kubana kilichoharibika.

Tovuti za kubana PDF bure ziache kwa vyeti na vitambulisho vya NIDA. Kila unachopandisha huko kinaondoka mikononi mwako, na anayewajibika kwa mteja ni wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu pia mtu anayeskani nyaraka za watu. Kwa sababu hiyohiyo, mteja anayetaka kufungua barua pepe au mfumo wa maombi mfungulie dirisha la faragha kwa Ctrl+Shift+N (kwenye Chrome au Edge), akimaliza funga madirisha yote ya aina hiyo. Akaunti yake haibaki imefunguka kwa mteja anayefuata.

Bando linaliwa na Windows inayojisasisha pamoja na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inayopandisha mafaili. Ukiwa umeunga hotspoti, nenda Settings, Network & Internet, Wi-Fi, bofya jina la hotspoti yako, uwashe Set as metered connection, ili Windows ijue data hiyo ni ya kuhesabiwa. Kisha Update & Security, Delivery Optimization, zima Allow downloads from other PCs, vinginevyo mashine yako inaweza kuwagawia wengine masasisho kwa bando lako. Ukurasa wa Data usage utakuonyesha programu gani imekula kiasi gani. Ila usiache masasisho yamefungwa daima: siku ukipata bando kubwa la usiku, fungua uyaache yaingie.

Za kuweka, nami ningeweka chache. 7-Zip, ndogo kuliko picha moja ya simu, inafungua zip na rar zote. SumatraPDF ya kusomea PDF. Inafunguka papo hapo hata kwenye diski yako. VLC kwa video na sauti yoyote atakayoleta mteja. Everything ya kutafutia: andika herufi tatu za jina la faili na majibu yanakuja unavyoandika, kwa sababu inasoma orodha ya majina kwenye diski badala ya kupekua folda moja moja. Kwa steshenari yenye mafaili elfu kadhaa ya wateja, ningekuwa nayo kabla ya nyingine zote.

Kuhusu Word: ikiwa Office yako ni ya kukraki, na kwa mashine za mtumba huwa hivyo, jua kwamba zile programu za kuiamsha ndizo mlango mkubwa wa virusi, na nyingi hukuagiza uzime antivairasi kwanza. LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word na Excel. Nikwambie ukweli, haiko sawa kabisa: ripoti ya mwanafunzi yenye majedwali mengi inaweza kuhama mistari. Kwa barua, CV na mitihani inatosha. Mteja anayekwenda kuprinti kwingine mpe na PDF, kwa kuwa PDF haihami.

Mbinu za kibodi ni nyingi mno, nakupa za mchapaji. Shift+F3 kwenye Word inageuza herufi kubwa kuwa ndogo na kinyume chake, kwa hiyo aya iliyochapwa Caps Lock ikiwa imewaka hairudiwi. Ctrl+Enter inaanza ukurasa mpya. Anayebonyeza Enter mara ishirini kufika ukurasa wa pili, akiongeza mstari mmoja juu kila kitu kinashuka. Windows+V inaonyesha vitu ulivyokopi mwanzo, si cha mwisho pekee. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe. Windows+Shift+S inakata kipande cha skrini. F2 inabadili jina la faili. Ctrl+Shift+T inarudisha tabu uliyoifunga kwa bahati mbaya.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, Word huwa imehifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Nenda File, Options, Save, ushushe iwe 2. UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kompyuta, itakupa muda wa kuhifadhi na kuzima taratibu, lakini usichomeke printa ya leza humo: ile sehemu yake ya joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS itazima kila kitu. Wakati wa radi chomoa ukutani kabisa, pamoja na kebo ya printa.

Kuhusu kununua mashine: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji binafsi wanaojiandikisha kwenye mpango wake wa nyongeza wanapata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka, kati ya mengine, prosesa za Intel za kizazi cha 8 na kuendelea. Tazama jina la prosesa yako: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8. Ikiwa yako iko chini ya hapo, SSD na RAM bado si hasara, kwani mara nyingi SSD utaihamishia kwenye mashine ijayo. Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni njia nyingine, nyepesi na ya bure, lakini kwa steshenari hakikisha kwanza printa na skana yako vinakubali. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kuiweka. Ukija kununua, soma namba ya prosesa kabla ya kusifia skrini.

Mengi ya haya utayaweza mwenyewe. Mpelekee fundi mashine, usijaribu chochote nyumbani, pale diski inapogonga tik-tik, pale CrystalDiskInfo inapoandika Bad kwa nyekundu na humo mna kazi usiyo na nakala yake, au pale mafaili yote yamebadilika mwisho wa jina na kuna ujumbe wa kudai pesa. Katika hilo la mwisho chomoa intaneti na uzime, usilipe.

Na hata SSD, kama hujawahi kufungua kasha la kompyuta, mwachie fundi. Mwambie aweke Windows upya badala ya kuhamisha ya zamani, maana utahamisha na virusi. Asikuwekee Office ya kukraki. Kazi za wateja azikopi mbele yako, ufungue mafaili matatu au manne kuhakiki, na diski ya zamani asiiformati mpaka umeitumia mashine mwezi mzima bila kukosa kitu.